Insha ya Egesa

Ipo alasiri moja ninayoikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu, na marehemu mke wangu anisamehe kwa kusema hivyo, maana alipendeza sana siku ile. Nilikuwa nimekaa kitandani chumbani mwangu, chuoni, kitabu kikiwa mapajani. Mtu akabisha hodi. Akabisha tena. Akaita kwa sauti ya chini, "Ndugu Othieno," kisha akangoja. Nilimtambua kwa sauti. Sikujibu, mwanangu. Nilikuwa karibu kufunua ukurasa, nikauacha palepale ili asisikie karatasi ikilia. Baada ya muda nikaona karatasi kadhaa zikipenyezwa chini ya mlango, halafu nikasikia miguu ikiondoka.

Ujana wangu nimeusimulia mara nyingi, na mara nyingi kwa kicheko. Habari hii sijawahi kuisimulia. Nakueleza wewe kwa sababu umeniambia kwamba huko chuoni kwako wameingia vijana wapya kutoka kwetu, na kwamba huna nafasi ya kushughulika nao kwa kuwa mitihani imekaribia. Ulilisema hilo huku ukitabasamu. Nami nililisema hivyo hivyo zamani.

Mimi, kama unavyojua, ni mtu wa Kisoko. Siku hizi chuo kiko hapa hapa Busitema, mtu anaweza kusoma mchana na kurudi kwa baiskeli kula kwa mama yake. Siku zetu, miaka ile ya Uhuru, ulipanda gari moshi Tororo ukasafiri kutwa nzima, na ukifika, karibu hapakuwa na mtu anayekujua wala anayeijua lugha ya kwenu. Jina la chuo sitalitaja. Chuo hakina kosa katika habari hii.

Walimu wetu karibu wote walikuwa Wazungu. Sisi wanafunzi tulikuwa vijana weusi, watoto wa wakulima wa pamba na wimbi, wengine baba zao hawakuwahi kushika kalamu. Chakula cha jioni tulikula tumevaa majoho, kwa uma na kisu, na kila mmoja alijifanya amezaliwa navyo. Nilikaa na njaa wiki nzima ya kwanza kwa sababu sikujua kile kisu kidogo ni cha nini, na niliogopa kuuliza hata yule aliyenipokea. Unacheka? Cheka tu. Lakini njaa ile ilikuwa njaa.

Aliyenipokea na kuniokoa ni kijana mmoja wa mwaka wa tatu, jina lake Wandera. Yeye alikuwa Msamia wa upande wa Kenya, kwao ni mwendo mfupi kutoka Busia. Alisikia kwa mwalimu fulani kwamba kuna kijana wa Tororo anakuja, akaenda stesheni kunitafuta. Alisimama mbele yangu akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwa.

"Wewe ndiye Othieno wa Kisoko?"

"Ndiyo mimi."

"Lete sanduku hilo."

Ni hayo tu. Akalibeba begani, nami nikamfuata. Mimi Kisamia sikukijua, naye Kidhopadhola hakukijua, kwa hiyo tuliongea kile Kiswahili chetu cha sokoni, cha mpakani, ambacho mtu wa pwani angekisikia angeziba masikio.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Nilipoandika insha yangu ya kwanza, Wandera aliniomba aisome kabla sijaipeleka kwa mwalimu. Nilimpa kwa fahari. Zilikuwa kurasa saba, safi, bila kosa hata moja. Akasoma, akanyanyua macho.

"Haya maneno ya nani?"

"Ya kitabu."

"Na yako yako wapi?"

Sikumwelewa kabisa. Katika shule niliyotoka, mwalimu alipotaka ujue jambo alikuambia ulinakili na ulikariri, na ukibadilisha neno moja ulichapwa. Nilidhani ndiyo heshima ya kitabu. Wandera hakunicheka. Alifunga mlango, tukakaa alasiri nzima. Alinitaka nisome ukurasa, nifunge kitabu, halafu nimweleze kwa Kiswahili kama ninavyomweleza mama yangu jikoni. Nikishaeleza, ndipo niandike kwa Kiingereza yale niliyoyasema. Na maneno nikiyatoa kwenye kitabu, nitaje kitabu chenyewe na mwandishi wake. "Huku," aliniambia, "ukichukua maneno ya mtu bila kumtaja, wanakuita mwizi. Hawatakuuliza kwenu mlifundishwaje."

Kila Jumapili baada ya ibada tulikutana chumbani mwake, vijana wa mpakani wanane au tisa: Wasamia, Wateso, Wajaluo, na sisi Wajopadhola. Birika lilikuwa moja, njugu za kutoka nyumbani, wengine wamekaa kitandani, wengine sakafuni. Kila mtu alisoma alichoandika, wenzake wakamuuliza maswali. Aliyetukanwa na mwalimu alisema pale. Aliyefiwa alilia pale. Chama kile hakikuwa na jina wala mwenyekiti, na nakuambia kweli, bila kile wengi wetu tusingemaliza mwaka wa kwanza.

Wandera alipomaliza masomo alirudi kwao kufundisha. Nilimsindikiza stesheni. Kabla ya kupanda alinishika bega akasema, "Kila mwaka gari hili litashusha mtu wetu. Mimi sitakuwepo. Wewe ndiye uwe hapa."

Nikajibu, "Nimesikia."

Nilisikia kweli. Mwaka uliofuata nilienda stesheni. Mwaka wa baada ya huo sikwenda.

Nikwambie nini, mwanangu? Nilikuwa nimepanda. Nilikuwa msemaji katika midahalo, watu walipiga meza nikisimama. Profesa wangu, Mzungu mmoja mrefu mwenye sauti ya upole, alikuwa akinialika kwake Jumapili alasiri kunywa chai na mke wake. Alinidokezea kwamba akiniandikia barua nzuri naweza kupelekwa Uingereza kuendelea na masomo. Tangu siku hiyo nilifunga tai hata Jumamosi. Na ile mikutano ya Jumapili ikafa. Hakuna aliyeivunja. Ilikosa tu mtu wa kuchemsha chai.

Mwaka huo ndipo alipokuja Egesa.

Alikuwa kijana wa Masafu, mwembamba, mwenye haya, anayeongea akitazama mikono yake. Baba yake, Mzee Mangeni, alikuwa katekista. Enzi zile vitabu vya kanisa vilikuwa vichache, na mzee yule alinakili kwa mkono nyimbo na sala akazipeleka vijijini kwa baiskeli, hata kwetu Kisoko, ndiko alikonijua. Egesa alijifunza kuandika kwa kumsaidia baba yake. Mwandiko wake ulikuwa kama umepigwa chapa. Na baba yake alimfundisha kwamba neno la kitabu haliguswi, halipunguzwi wala haliongezwi.

Hakukuta mtu stesheni. Alihangaika siku nzima akiuliza njia, akanifikia kesho yake mchana na barua ya baba yake mkononi. Mzee alikuwa ameandika: "Mwanangu Othieno, nakukabidhi mtoto wangu. Huko hatuna mtu mwingine." Niliisoma nikaitia kwenye droo.

"Karibu sana," nilimwambia Egesa. "Njoo Jumapili tuongee."

Jumapili alikuja, mimi niko kwa profesa. Jumapili ya pili vilevile. Baadaye akaanza kuja siku za kazi, nami nikajifunza kutambua hatua zake kwenye baraza. Na ndiyo ile alasiri niliyokueleza mwanzo.

Karatasi alizozipenyeza zilikuwa insha yake. Juu alikuwa ameweka kijikaratasi: "Ndugu Othieno, soma tafadhali uniambie kama iko sawa. Napeleka Ijumaa." Niliziokota. Nilitazama ule mwandiko nikasema moyoni, kijana huyu anaandika vizuri. Nikaziweka mezani. Sikusoma hata mstari mmoja. Jioni niliweka kikombe cha chai juu yake.

Alhamisi alinikuta nje ya bwalo la chakula. Nilikuwa na wenzangu wa midahalo, tumevaa majoho yetu, tunacheka jambo fulani. Akasimama kando mpaka nikamtazama.

"Samahani, ndugu yangu. Ulisoma?"

"Nilisoma."

"Iko sawa?"

"Iko sawa kabisa. Peleka."

Uso wake ulifunguka, mwanangu. Ulifunguka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alinifuata chumbani kuchukua karatasi zake, akaona lile duara la chai kwenye ukurasa wa kwanza. Alipitisha kidole juu yake, akaniambia asante, akaenda kuunakili ukurasa ule upya.

Ningesoma mistari mitano tu ningejua. Kilikuwa kitabu nilichokijua, karibu nilikikariri. Alikuwa amekinakili vilevile nilivyonakili mimi, kwa sababu ile ile, kwa heshima ile ile. Tofauti yetu ilikuwa moja: mlango niliobisha mimi ulikuwa wa Wandera.

Wiki tatu baadaye alikuja tena. Safari hii nilifungua, kwa kuwa alibisha kwa nguvu.

"Wanasema nimeiba," alisema.

"Umeiba nini?"

"Maneno." Midomo ilikuwa imemkauka. "Insha zote tatu, wanasema zote. Mimi niliwaambia ndiyo, nilitoa kwa kitabu. Ningetoa wapi? Mimi ni nani nibadilishe maneno ya mtu anayejua kunishinda?" Kisha akasema, "Jumatano saa nne wananiita kwa baraza la walimu. Ndugu yangu, twende wote. Sema tu kwamba sikujua. Wewe wanakujua."

Niliuliza nani atakuwa mwenyekiti wa baraza hilo. Akanitajia jina la profesa wangu, yule wa chai, yule wa barua.

Nikasema, "Nitajitahidi kufika."

Siku hizi nikimsikia mtu akisema "nitajitahidi," masikio yangu husimama. Nilijua wakati ule ule kwamba sitakwenda. Niliogopa baraza lingemuuliza Egesa nani aliisoma insha yake, naye angenitaja, na profesa angeniona mtu wa namna gani? Jumatano asubuhi nilikwenda maktaba nikachagua meza ya nyuma kabisa, mahali ambapo saa ya ukutani haionekani. Nikakaa pale mpaka njaa ikaniambia mchana umefika.

Walimfukuza. Habari nilipewa na bawabu wa lango, siku ya pili, kwamba yule kijana mwenye sanduku la bati ameondoka asubuhi kwa miguu. Hakuja kuniaga. Na profesa hakuniuliza lolote, maana yake Egesa hakunitaja. Nilipogundua hilo nilifurahi, mwanangu. Nakuambia ukweli wote ili unijue. Nilifurahi.

Likizo ilipofika nilirudi nyumbani, na siku ya soko nikashuka Busia kununua samaki wakavu. Mtu akaniita kutoka nyuma. Nikageuka, nikamwona mzee anasukuma baiskeli, kanzu yake nyeupe imeshika vumbi pindoni. Alikuwa Mzee Mangeni.

"Mwanangu Othieno! Ni wewe?" Alinishika mikono yote miwili. "Niambie basi. Mutoto yangu iko muzuri? Haandiki barua siku hizi."

Egesa alikuwa hajafika nyumbani. Miezi miwili ilikuwa imepita tangu atoke chuoni na sanduku lake, na baba yake alikuwa hapo mbele yangu anangoja jibu.

"Yuko salama, mzee," nilisema. "Anasoma sana. Amebaki chuoni, ana kazi nyingi ya kuandika."

"Kuandika!" Mzee alicheka. "Hiyo anaweza. Hiyo tangu mtoto." Kisha, pale pale katikati ya soko, watu wakipita na kuku na mabeseni, alivua kofia akaniombea. Alimshukuru Mungu kwa kumpa mtoto wake ndugu mkubwa katika nchi ya ugeni. Nilisema amina.

Samaki sikununua. Nilivuka upande wa Kenya nikatembea moja kwa moja mpaka shule aliyokuwa akifundisha Wandera. Nilimkuta ofisini, anasahihisha madaftari. Alifurahi kuniona, akataka kuagiza chai. Nikamwambia asiagize, anisikilize kwanza. Nikamweleza yote.

Alipokuwa akisikiliza aliifunika kalamu yake taratibu akaiweka chini. Hakupandisha sauti hata mara moja.

"Ulimwambia iko sawa."

"Ndiyo."

"Na hukuisoma."

"Sikuisoma."

Alitazama dirishani. Nje wanafunzi walikuwa wanakata nyasi, nasi tuliwasikia wakiimba. Kisha akasema, "Othieno, ulidhani nilikuja stesheni ile siku kwa sababu nilikupenda? Sikukujua. Nilikuja kwa sababu mimi nilipofika sikupokewa na mtu, na mwaka ule ule nusura nifunge mzigo nirudi kwetu. Nikaapa mwingine asipate hayo mbele ya macho yangu. Na wewe ukafikiri umefika ulipo kwa akili zako."

Niliyatazama madaftari yake mezani.

"Wale Wazungu wana sheria yao, wameifuata," akaendelea. "Hawakujua kijana ametoka wapi. Wewe ulijua. Katika chuo kizima, mtu aliyejua alikuwa mmoja tu, naye alikuwa maktaba amejificha." Akasimama akachukua koti. "Twende tukamtafute. Baba yake hutamdanganya mara ya pili."

Tulitafuta siku nne. Tulikwenda Malaba, tukauliza kwa madereva wa malori. Tulikwenda stesheni ya Tororo. Hakuna aliyemjua. Siku ya nne tulikuwa tumesimama Busia, karibu na mpaka, tumechoka, lori moja linapakiwa magunia ya mahindi. Mimi nilikuwa naangalia tu bila kuona. Kisha nikaona. Kila gunia lilikuwa limeandikwa kwa wino jina la mfanyabiashara na mji linakokwenda. Na herufi zile nilizijua. Mwandiko ule haukuwa wa mtu mwingine.

Tuliwauliza wapakiaji. Wakatuonyesha ghala nyuma ya kinu cha kusaga unga. Egesa alikuwa amekaa juu ya sanduku lililopinduliwa, kopo la wino miguuni, burashi mkononi, anaandika juu ya gunia kwa makini kana kwamba ni ukurasa wa kitabu cha misa. Alituona akaendelea mpaka akamaliza herufi aliyokuwa nayo.

Wandera alijitambulisha, akatupisha, akaenda kusimama mlangoni. Nami nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani. Yote yalipotea.

"Kwa nini hukuwaambia kwamba niliisoma?" nilimuuliza. Sijui kwa nini nilianza na hilo.

"Nilingoja useme mwenyewe," alijibu. "Kulikuwa na viti viwili. Mimi nilikaa kimoja, cha pili nikaweka kofia yangu ili kisichukuliwe. Profesa akauliza nani anakuja kukaa hapo. Nikasema, rafiki yangu anakuja. Wakangoja kidogo. Wazungu wale walikuwa na subira. Halafu wakaanza."

Nilitaka kumshika mkono. Akachovya burashi.

"Nataka uniambie kitu kimoja tu," akasema. "Ile insha ulisoma?"

Ningeweza kumdanganya tena. "Sikuisoma," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata jibu la hesabu iliyomsumbua. "Mimi miezi hii yote nilifikiri ulisoma, ukaona kosa, ukaniacha nianguke. Nikawa najiuliza nilikukosea nini. Kumbe hukunichukia." Alitazama gunia lake. "Kumbe hukunifikiria hata kidogo."

Hakuna neno nililowahi kuambiwa, na nimeambiwa mengi katika maisha haya, lililoniingia kama lile.

Siku iliyofuata Wandera alinipeleka Masafu. Alikaa nje, akaniacha niingie peke yangu. Mzee Mangeni alisikiliza mpaka mwisho. Nilitarajia anifukuze, na ingekuwa nafuu. Aliuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo kosa lake ni kunakili?"

"Ndiyo, mzee."

Akatazama mikono yake. "Mimi ndiye nilimfundisha," alisema. Na hata nilipomwambia mara nyingi kwamba kosa ni langu, hakuonekana kunisikia. Asubuhi yake alipanda baiskeli akaenda Busia, na Jumapili watu waliwaona kanisani wote wawili, baba na mwana, benchi moja.

Lakini kitabu Egesa hakushika tena. Wandera alimtafutia nafasi ya kufundisha, akakataa. Alisema mtoto akimuuliza amesoma wapi, yeye hatakuwa na la kumjibu.

Nami nilirudi chuoni nikamwendea profesa nikamweleza kila kitu. Alisikiliza kwa upole wake ule ule, akasema shauri limekwisha kufungwa. Na barua yangu akaiandika, nzuri. Unaona? Nilikuwa nimejitayarisha kupoteza Uingereza, na sikupoteza chochote. Nilikwenda, nikasoma, nikarudi na cheti changu. Kabla ya kuondoka niliifufua mikutano ya Jumapili. Siku ya kwanza walikuja watatu, na mmoja wao alikuwa amekosea chumba. Nilichemsha chai. Tangu hapo mpaka nilipostaafu kazi, popote nilipofundisha, niliwatafuta wageni kabla hawajanitafuta. Lakini hayo yote hayakumrudisha Egesa kwenye kile kiti.

Alioa, akajenga, akaendelea na kazi ya ghala. Nilimpitia kila nilipokuja nyumbani. Alinikaribisha kwa adabu, akanipa kiti, akaniuliza habari za watoto. Lakini kamwe hakuniita ndugu tena. Aliniita Bwana Othieno, hivyo hivyo, mpaka maradhi yalipomchukua, nywele zake bado nyeusi.

Mjane wake aliniomba niandike wasifu wa marehemu wa kusomwa mazishini, kwa kuwa mimi ndiye msomi aliyemjua. Nilikaa na kalamu asubuhi nzima. Niliandika alipozaliwa, shule zake, ndoa yake, kazi yake. Nilipofika kwenye ule mwaka wa chuo sikujua niandike nini. Nikiandika kwamba alifika chuo kikuu, watu watauliza kwa nini alitoka. Nikiandika kwa nini alitoka, itanibidi nijitaje. Mwishowe niliuruka mwaka ule. Nikasimama mbele ya kaburi nikasoma, na hakuna aliyegundua kwamba kuna mwaka umekosekana, isipokuwa mimi, na Wandera, ambaye aliinamisha kichwa.

Leo nimeurudisha. Ndiyo maana nimekuita.

Mwanangu, sikuombi uwe mtakatifu, wala sikuombi uache mitihani yako. Nakuomba ufungue mlango. Kijana aliyetoka kwetu akikuletea karatasi, isome. Kama huna nafasi, mwambie huna nafasi, amtafute mwingine, kwa maana "sina nafasi" humwacha mtu bado anatafuta, lakini "iko sawa" ya uongo humpeleka shimoni akiwa na furaha. Yale unayoyajua sasa ukadhani kila mtu anayajua, kuna mtu alikufundisha. Mkumbuke ni nani, umfundishe hivyo mwingine kabla hajaaibika. Wakutanishe, hata mkiwa watatu, hata birika likiwa bovu. Na siku ndugu yako anapoitwa kujieleza mbele ya wakubwa, nenda ukakae kando yake. Huenda usimwokoe. Kaa tu pale, kiti kisibaki kitupu. Na ukishamkosea mtu, usingoje kama nilivyongoja mimi. Sema mapema, wakati bado anaweza kukujibu.

Mungu akulinde huko uendako. Akupe macho ya kumwona mgeni na miguu ya kumfuata. Masomo yako uyamalize kwa salama, na usiyamalize peke yako. Wale wanaokuja nyuma yako wakutaje kwa jina zuri ukiwa hai, na siku ya kukuzika, atakayesoma habari za maisha yako asilazimike kuruka mwaka hata mmoja. Nenda, mwanangu. Nenda ukawasalimie wale vijana.